Msichana Aliyevaa Nyeupe

Leo nimeanza eda yangu, nimejifunga shuka nyeupe ya nyanya, bado inanukia ubani, na nimemkumbuka alipoivaa akikaa eda ya babu, pale Isiolo. Mjomba, mwanawe, alimletea kaseti ya video ya wafalme wa Kichina imliwaze, akawasha televisheni kwa betri ya lori lake. Hakuna aliyejua Kichina, kwa hivyo tulibishana juu ya kila kitu. Akatokea msichana amevaa nyeupe tupu.

"Huyo ni bibi harusi, mama," mjomba akasema.

"Wallahi huyo amefiwa," nyanya akajibu.

Tukamcheka, mpaka jeneza likatolewa. Mjomba akaruka kuzima.

"Wacha iendelee," nyanya akamwambia, akivuta shuka magotini. "Nataka nione huyu atavumilia vipi."