Karani Anayekagua Tangazo Lake

Karani wa mapokezi pale zahanati hukata selotepu kwa meno, hubandika tangazo ukutani, kisha hulipapasa kwa kiganja kama anayelaza mtoto mchanga. Angeishia hapo, mfagizi asingekuwa na neno. Lakini mara kwa mara huinuka kitini, akasimama mbele ya ukuta na kulisoma upya kwa sauti ya mnadani. "Shoga, si umeliandika mwenyewe?" mfagizi humtania. "Nakagua makosa," hujibu, kidole kikiwa bado kwenye mstari.

Siku moja mfagizi alimwona babu amesimama mbele ya tangazo, mjukuu begani, mwili wa mtoto moto kama pasi. Macho ya babu yalikuwa kwenye karatasi, ila hayakusogea. Aliona haya kuuliza. Akajikohoza tu na kunyoosha kola. Karani akainuka, akasimama kando yake bila kumtazama. "Hebu nikague makosa," akajisemea, akaanza: "Leo watoto wote wanatibiwa mlango wa nyuma. Wenye homa wasipange foleni."

Babu akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Halina kosa, binti yangu."

"Ahsante, baba. Sasa roho yangu imetulia."

Babu akaelekea mlango wa nyuma, kifua mbele. Mfagizi alibaki ameegemea fagio lake, utani umemkauka mdomoni. Siku hizi akiona mtu ameganda mbele ya ule ukuta, yeye ndiye anayepaza sauti: "Shoga, njoo ukague makosa!"