Maji Niliyoyakataa Asubuhi ya Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninyi mtakaosoma habari hii, nisameheni mwandiko wangu. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na mkono wangu umezoea majani ya chai kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Pale nilipokosea herufi, someni tu nilichotaka kusema.

Jina langu ni Alois. Kwetu ni upande wa Kimulot, karibu na msitu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mimi naishi na mama yangu pamoja na kogo, yaani nyanya yangu. Mama ni Mkristo. Kogo wakati ule hakuwa amebatizwa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na nguvu. Mchana nilichuma chai kwenye shamba la Wazungu, kikapu mgongoni. Jioni nilikwenda kwa mzee Petro, katekista wetu, kujifunza dini. Nilibatizwa nikiwa mtoto, lakini Komunyo ya kwanza ilichelewa kwa sababu ya kazi. Mwaka jana Padri alinipima, akasema niko tayari. Ningepokea siku ya Pasaka. Mama alinishonea shati jeupe, na kila jioni nililitazama likining'inia ukutani.

Juma lile Takatifu mvua ilinyesha bila kupumzika. Tulichuma tukiwa tumejifunika magunia. Jumatano nilianza kutetemeka katikati ya mistari ya chai. Alhamisi kitu kilinichoma chini ya mbavu za kulia, kama kisu, kila nilipovuta pumzi. Nilikohoa makohozi yenye rangi ya kutu. Ijumaa mama alinipeleka zahanati ya shamba. Dresa, yule mtoa dawa wa pale, aliweka sikio lake mgongoni pangu, akasikiliza.

"Hii ni kichomi," akasema. "Meza vidonge hivi viwili kila baada ya saa nne, usiruke hata mara moja. Na maji mengi. Umenisikia? Vidonge hivi bila maji vitakuharibia figo."

Nilimeza kama alivyosema, nikikisia saa. Jumamosi mchana homa ilipungua, nikala uji. Mama akamshukuru Mungu.

Sasa nitaeleza kosa langu. Mzee Petro alitufundisha kwamba mtu atakayepokea Komunyo hali wala hanywi tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji. Kwetu hakuna saa. Kwa hiyo Wakristo wa kwetu wana desturi yao: ng'ombe wakiisha kuingia zizini, mdomo unafungwa mpaka Misa. Ni kweli nilikuwa nimesikia wenzangu wakisema kwamba Padri alisoma sheria mpya ya mfungo. Jumapili hiyo sikuwako. Nilitaka kuuliza sheria hiyo inasemaje, lakini niliona haya. Nilifikiri watanicheka.

Jumamosi jioni ng'ombe waliingia. Nikafunga vidonge vyangu katika kipande cha gazeti, nikavitia mfukoni mwa shati jeupe. Kogo akaniletea maziwa katika kibuyu.

"Kunywa."

"Siwezi, kogo. Kesho napokea."

"Basi maji."

"Hata maji."

Kogo alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyo Mungu wenu hana ng'ombe? Mwenye ng'ombe hamnyimi mgonjwa kitu cha kunywa. Hata mimi mwenye roho mbaya sikunyimi!"

"Kogo, usimseme Mungu hivyo."

"Simsemi Yeye. Nakusema wewe, kichwa kama jiwe la kusagia."

Mama alikuwa akichochea moto. Alitaka ninywe, na alitaka nipokee. Mwishowe akasema, "Mwache, mama. Ni usiku mmoja tu."

Kulipopambazuka tulianza safari ya maili saba, kogo akibaki nyumbani. Homa ilikuwa imerudi. Ulimi ulinata kwenye meno. Tulivuka vijito viwili, na katika kile cha pili nilisimama nikatazama maji yakipita juu ya mawe. Mama akaniuliza, "Unaweza?" Nikasema naweza. Nilikuwa na kiburi kidogo, nafikiri. Niliona ninampa Mungu zawadi.

Kanisa lilijaa hata nje. Kengele ya Komunyo ilipolia nilisimama kwenda mbele. Nakumbuka niliona mishumaa ikiwa mingi kuliko ilivyokuwa. Kisha sikuona kitu.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani katika hospitali ndogo ya masista. Sista mmoja alikuwa amefungua mfuko wa shati langu na kushika lile gazeti lenye vidonge. Padri alisimama karibu naye. Mama alikuwa chini, mikono kichwani. Walinipa chombo nikojoe. Yalitoka matone machache tu, mekundu kama chai iliyokaa, na yaliniuma hata nikalia.

"Kwa nini hukumeza dawa?" Padri akauliza.

"Nilifunga, Padri. Kwa ajili ya Komunyo."

"Na maji?"

"Hata maji."

Padri alifunika uso kwa mkono. Nilidhani amekasirika. Alipouondoa, macho yalikuwa na machozi.

"Mwanangu, Baba Mtakatifu ameshasema kwamba maji hayavunji mfungo tena. Na mgonjwa anaweza kunywa dawa yake, amwulize tu padri. Nilisoma kanisani. Hakuna aliyekuambia?"

"Sikuuliza, Padri. Nyanya yangu peke yake, naye hajabatizwa, ndiye aliyesema Mungu hawezi kumnyima mgonjwa maji."

"Basi nyanya yako ambaye hajabatizwa amemjua Mungu vizuri kuliko mimi na wewe siku ya leo."

Sista alisema mapafu yamejaa na hawezi kuahidi kitu. Padri akanipaka mafuta matakatifu machoni, masikioni, mdomoni, mikononi. Mama alipoyaona mafuta alianza kulia kwa sauti, akidhani nimekwisha. Padri akamwambia, "Mama, mafuta haya yanaombea uzima pia. Tuombe uzima."

Kisha akajaza kikombe maji. "Kunywa kwanza," akaniambia. "Nataka nikuone ukinywa." Nilikunywa kikombe chote. Ndipo akanipa Komunyo yangu ya kwanza, nikiwa nimelala, shati langu jeupe limechafuka kwa makohozi.

Walinichoma sindano matakoni asubuhi, mchana na jioni hata sikuweza kulalia mgongo. Siku ya tatu nilitoka jasho mpaka godoro likalowa, na nilipoamka kile kisu chini ya mbavu hakikuwapo. Mkojo ukawa mwingi, ukawa mweupe. Nikaomba ugali. Sista akapiga makofi kama mtoto! Baada ya majuma matatu nilirudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe.

Sikukuu ya Ekaristi ilipofika, Padri aliniita mbele kabla ya Misa. "Alois, waambie watu kilichokupata." Sikuwahi kusema mbele ya watu wengi. Lakini nilimwona kogo mlangoni. Alikuja kwa mara ya kwanza, kuona, alisema, kama Padri ana akili. Nikapaza sauti.

"Maji hayavunji mfungo! Na kama unaumwa, mwulize Padri, umeze dawa yako! Mimi nilinyamaza, nikafika mlangoni mwa kaburi."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa akikohoa tangu tufike aliinuka nyuma kabisa. Alitoka akishika fimbo yake, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akateka kwa viganja viwili. Sote tulimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikunywa, akateka tena, akanywa. Akafuta ndevu, akarudi mahali pake. Wakati wa Komunyo alipiga magoti pamoja nami.

Kogo sasa anajifunza dini kwa mzee Petro, na anauliza maswali hata mzee amechoka.

Namshukuru Mungu, mama, masista na yule dresa. Nanyi msione haya kuuliza, kanisani wala hospitalini. Kama wewe pia umeugua ukapona, tafadhali niandikie, mpe katekista wako barua aifikishe kwa wetu. Andika herufi kubwa, kwa maana nasoma polepole. Lakini nitaisoma yote, na nitajibu.