Nilitangaza Mimba Kanisani

Niliacha shule mapema, nikatangatanga nikibeba mizigo kutoka soko la Gakoromone hadi mji wa Kiritiri, ambako Wanja alikubali kuolewa nami. Miaka ikapita bila mtoto. Kwa kuwa sioni haya kuuliza, nilimuuliza nesi mmoja habari za mzunguko wa mwezi wa wanawake, naye akanieleza vizuri. Tangu hapo nikajiona mtaalamu wa kamba ya kuanikia nguo. Nikiona vitambaa vya hedhi vya Wanja vimeanikwa, nilishinda kimya siku nzima.

Kisha miezi miwili sikuviona. Mimi ninayeuliza kila mtu, sikumuuliza mwenyewe. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nikasimama na kutangaza kwamba tunatarajia mtoto. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akamwita Wanja mbele aombewe.

Alikuja polepole.

“Pasta, ombea mwingine,” alisema kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa limenyamaza. “Hata leo niko kwa siku zangu.”

Kisha akanigeukia.

“Nilianza kuanika chini ya kitanda. Sikuweza tena kukuona ukinyamaza vile.”