Kwaya ya Mama na Mashine ya Kusaga

Sisi tuliokulia Chanji tunaijua baridi. Asubuhi ya mwezi wa sita ulivaa sweta mbili, ukanywa uji wa ulezi umesimama, na bado ulifika shule vidole havishiki kalamu. Jioni tulicheza rede, tukikwepa mpira, mpaka mama aite mara ya tatu, na ya tatu hakuita kwa mdomo tu.

Nilipofika kidato cha tatu, kompyuta ilikuwa moja, ya mwalimu wetu wa fizikia, nasi tukiigombania. Ilikuwa na programu ya hesabu: unaandika amri, inakuchorea mawimbi. Ukisahau mabano inakugomea kama maksai aliyechoka. Mwalimu aliposema sauti ni namba tu zilizopangwa mstari, nilibisha. Akanirekodi nikibisha, namba zikajaa kioo kizima, nikaanza kuzihesabu.

Mwaka huo kwaya ya mama ilirekodi wimbo wa kupeleka redioni. Kesho yake nusu ya waimbaji wakaenda mashambani kuvuna. Ndipo tukasikiliza vizuri: jirani alikuwa akisaga mahindi, na mashine yake imeunguruma wimbo mzima. Mama, aliyeimba ubeti wa kwanza peke yake, alilia waziwazi. Kurudia hakukuwezekana, na flashi ilitakiwa iondoke na basi la Mbeya wiki ileile.

Nikaiomba. Mama akasema, "Usije ukaniharibia hata hicho kilichobaki."

Mwalimu akanionyesha kwenye mchoro mngurumo ulikojikusanya, kule chini kwenye sauti nzito. Kwa pupa yangu nikakata chini kote. Mashine kimya, nikajiona profesa. Baba mdogo, mwimba besi, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na mimi niko wapi humu?"

Besi wote nilikuwa nimewafagia pamoja na mashine.

Nikarudi kwenye kompyuta. Safari hii nilitafuta hasa mngurumo ulipo, nikakata vipande vyembamba tu, kimoja kimoja, nikisikiliza kila mara. Sauti ya mama ikatoka safi, besi wakaingia chini yake, mashine haipo. Flashi ikawahi basi.

Watoto wa siku hizi wanabonyeza kitufe kimoja kwenye simu, kelele zinaondoka, wala hawashangai. Nawaonea huruma kidogo. Jumapili ile wimbo wetu ulipopigwa redioni, mama aliibeba redio ikiimba, akaenda nayo nyumba hadi nyumba, akiwaambia watu, "Anayeimba ni mimi. Aliyenitoa kwenye kelele ni mwanangu."