Ile bouillon ya uchungu ya papa

Docteur alikuwa anatafuta kitu yenye ilitaka kuua papa yangu.

Na miye nilikuwa pembeni ya kitanda, naishika mu mikono.

Termos ya bouillon, ile supu ya kuku.

Naitwa Nadège, nauzishaka mafuta ya mawese hapa Butembo. Papa Syauswa iko na ugonjwa ya sukari. Balimulaza hopitali, na miye njo garde-malade: kumupikia, kumufulia, kulala chini ya kitanda yake.

Mbele ya ile siku ya termos, nilienda kwa Mama Jokébed wa Kasugho, mwenye anatoaka dawa ya majani. Aliniuliza: "Papa anameza dawa ya hopitali?"

"Hapana, mama."

Nilidanganya: anameza kila siku, lakini niliogopa atakatala kunipa.

Nikachemusha majani, nikachanganya na bouillon ya kuku. Docteur Blaise naye akaniuliza: "Kuko dawa ya kienyeji unamupatia? Sema tu, siko nakugombeza. Ni juu nipime muzuri ile yangu."

"Hapana, docteur."

Niliwaza ananitega. Shangazi yangu akilazwa, ba-infirmier, bale manesi, balimwaga dawa yake ya majani mu WC mbele ya batu. Ile haya miye sikuitaka.

Jumamosi asubui papa akatoka jasho, akatetemeka, akazimia. Sukari ilishuka chini kabisa.

Docteur akamutia serum ya sukari mu mushipa, akatuma baite mutu wa dawa ya majani mwenye hopitali inatumikaka naye.

Mwenye aliingia ni Mama Jokébed. Na blouse mweupe ya hopitali.

Akaangalia papa. Akaangalia termos. "Mwana wangu, uliniambia hapana."

"Na miye pia," docteur anasema.

Nikaweka termos chini. Nikasema yote. Njo bakaniambia: majani na dawa ya hopitali, zote zinashusha sukari. Hawakunigombeza hata kidogo, na ile njo inaniumiza.

Mangaribi papa akafungua macho. Nikalia: "Papa, unisamehe. Niliweka majani mu bouillon yako."

"Najua. Ilikuwa ya uchungu tangu ya kwanza."

"Lakini juu ya nini haukuambia docteur?"

"Aliniuliza. Nikasema hapana. Sikutaka akufukuze, mwana wangu."

Sasa docteur na Mama Jokébed banapanga dawa pamoja, kila moja na kipimo yake. Miye ningali napeleka bouillon. Papa anaonja kwanza, kisha ananishukuru na Kinande: "Wasingya." Bado siwezi kumuangalia mu macho.

Weye mwenye uko na mugonjwa hopitali, bakikuuliza, sema. Ukificha, mugonjwa naye atakufichia, juu anakupenda.