Alhamisi za Daktari

Habari ilianzia bombani, kama zote. Jirani yetu wa chumba cha mbele, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, aliweka ndoo chini akanisogelea sikioni.

"Mama Mapacha, umesikia? Daktari wako kafukuzwa kazi."

"Nani kasema?"

"Pazia limesema. Leo Jumatatu, saa nne asubuhi, pazia limefungwa na yeye yumo ndani. Msomi mzima analala mpaka saa hizi? Kuna mgonjwa kamfia mikononi, nakwambia. Uzembe."

Nilikuwa nasuuza nepi. Niliikamua mpaka ikakaribia kuchanika.

"Huyo mgonjwa ulimuona, shoga?"

"Haya, mtetee. Si unamlelea mtoto?"

Ndiyo, namlelea binti yake, tena anashinda kwangu na mapacha wangu kutwa nzima. Ndiyo maana najua kilichotokea, na ndiyo maana naandika haya nikiwa na hasira. Hakuua mtu. Hakufukuzwa pia. Walichomfanyia hata jina sijui nikiite nini.

Tulijuana wodini. Mapacha wangu walizaliwa kabla ya siku zao, ngozi yao nyembamba kama ganda la kitunguu, na mimi niliogopa hata kuwagusa. Yeye alikuja, akaketi kitandani pangu kama ndugu, akaniuliza kama naruhusu, kisha akanionyesha jinsi ya kuwafunga kifuani, ngozi kwa ngozi, wapate joto langu. "Wewe ndiye mashine yao, mdogo wangu," aliniambia. Baadaye alipohamia kwenye nyumba ndogo ya uani kwetu, nilimwita dada siku ya kwanza na mpaka leo ni dada.

Watu wanadhani kazi yake ni moja. Ni tatu. Anatibu watoto, anafundisha wanaosomea udaktari, na anatakiwa afanye utafiti. Mbili za kwanza zina watu wanaolia mlangoni. Ya tatu hailii, kwa hiyo ndiyo inayoliwa.

Alipoajiriwa chuoni, mkuu wa idara yao, ambaye wote humwita Profesa, alimtaka aandike mpango wa miaka mitano: atatafiti nini, lini ataomba kupanda cheo. Dada aliuandika akaubandika jikoni, juu ya rafu ya sufuria. Alhamisi yote ilikuwa ya utafiti. Alitaka kuwatembelea majumbani akina mama waliotoka wodini na watoto kama wangu, ajue kwa nini wengine wakifika kwao huacha kuwabeba kifuani. Maana wako watoto wanaorudishwa hospitali hali mbaya, na wako wasiorudishwa kabisa. Profesa aliusoma mpango, akatia sahihi, akausifu. Kisha akaanza kuzila Alhamisi.

Moja niliiona kwa macho yangu. Mama mmoja alikuwa anaishi mtaa ninaoufahamu, nikamsindikiza dada. Tulishafika chini ya jengo. Mama mwenyewe yuko juu kwenye roshani, kichwa cha mtoto kinachungulia kifuani kwake, anatupungia mkono. Simu ikalia. Sauti ya Profesa haihitaji spika.

"Daktari, uko wapi? Nimepata kikao cha ghafla. Wanafunzi wako ukumbini, nishikie mara hii tu."

"Profesa, leo ni Alhamisi, nipo kwenye ule uta..."

"Najua, najua. Lakini wewe ndiye mwepesi. Hao wenzako nikiwaambia wataniletea hadithi."

Dada alimtazama yule mama kule juu. "Sawa, Profesa."

Tukageuza. Nilipotazama nyuma, mama bado alikuwa ameinua mkono, ila hapungi tena.

Alhamisi nyingine ilikuwa ya kusahihisha mitihani ya mwenzake aliyesafiri. Nyingine ya kupokea wageni wa idara, ati yeye ndiye anayeongea vizuri. Nyingine ya zamu ya daktari aliyekuwa na harusi. Kila moja iliitwa mara hii tu. Ikafika mahali binti yake, akicheza na mapacha wangu mkekani, hushika kipande cha sabuni sikioni, hukunja uso na kusema, "Sawa, Profesa. Sawa, Profesa." Mwanzoni nilicheka. Sicheki siku hizi.

Wiki iliyopita wakampa zawadi ya mwalimu bora wa mwaka. Saa ya ukutani. Mtu asiyeachiwa hata siku moja ya kwake, wanampa saa! Makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Wiki haijaisha, kamati ya vyeo ikamwita ikamwambia cheo alichoomba amekosa, kwa sababu hana utafiti. Mkataba wake wataurefusha mwaka mmoja, na mwaka huo ukiisha bila utafiti, basi, aondoke.

Ile Jumatatu niliacha nepi kwenye beseni, nikamshika binti yake mkono, nikagonga. Dada alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, saa bado imo kwenye boksi lake. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza tangu nimjue. Hiyo ndiyo habari yote ya pazia la Redio.

"Huko nje nimeshaua mtu, sivyo?" aliniuliza.

"Mmoja tu mpaka sasa. Ngoja jioni."

Alicheka kidogo, cheko la kukwaruza. Ndipo akanisimulia ya kamati. Profesa naye alikuwemo, na mwenyekiti alimgeukia akamuuliza kama ana la kusema. "Nilijua atasema," dada alisema. "Atasema nani alimfundishia, nani alimsahihishia. Akavua miwani, akaipangusa. Akasema, tatizo la vijana wetu ni kutokujipanga."

"Kutokujipanga!"

"Mbele yangu. Na sahihi yake ile pale." Alinyoosha kidole kwenye mpango wake ulioingia mafuta ya kupikia.

Hasira ilinipanda, na kwa kuwa Profesa hayupo, ikamwangukia yeye. "Na wewe, dada! Kila siku sawa, sawa. Hata mwanao kalishika hilo neno!"

Aliinua macho, nikaona nimemchoma.

"Ulitaka niseme nini? Yeye ndiye anayeulizwa kama ninafaa. Nikikataa, ninaitwa mkaidi, nikikubali, sijajipanga." Alivuta pumzi. "Nilidhani anaona ninavyojituma. Na kweli anaona, mdogo wangu. Anaona punda."

Binti yake alikwenda akamkalia mapajani bila kuitwa. Tulikuwa hivyo wakati simu ilipotetemeka pale sakafuni. Dada hakuigusa. Ilipotulia, ujumbe ukaingia, akausoma kwa sauti, pole pole, kama anayesoma tangazo la msiba: "Daktari, pole na ya juzi. Alhamisi hii naomba unisimamie mtihani. Mara hii tu."

Nilitamani niitupe ile simu chooni. Yeye aliifumbata kiganjani. Kisha akanyanyuka, akaubandua mpango ukutani, akaupangusa kwa kiwiko na kuubandika tena, mahali palipo safi.

"Nina ombi," alisema. "Lisikie lote kwanza. Wagonjwa wa Alhamisi wana daktari wao wa zamu, yupo, anapatikana. Wanaonitafuta mimi siku hiyo si wagonjwa. Na mimi mdomo umeshazoea, nikisikia tu ile sauti, neno linatoka lenyewe. Mwaka mmoja ndio huo, sina mwingine. Kila Alhamisi nikikuachia mtoto, nikuachie na simu. Profesa akipiga, pokea wewe. Mwambie nipo kwa akina mama."

"Mimi? Niongee na Profesa?"

"Wewe."

"Akiuliza ni nani anaongea?"

"Mwambie ni mama mmojawapo." Aliiweka simu kiganjani mwangu, ikiwa bado na joto la mkono wake, akanifunga vidole juu yake. "Akiendelea, akisema ni mara hii tu, mjibu lolote litakalokujia, hata lisilo na adabu. Ila nakuomba, usiseme sawa."