Saladi ya Viazi Tuliyoishusha Engaresero

Nilipaswa kukataa asubuhi ile pale Karatu, kwenye makao makuu ya kampuni yetu, Meneja wa Kambi alipoingia jikoni na kuniagiza nipike chakula cha jioni cha Engaresero kabla hatujaondoka. Alitaka saladi ya viazi na kuku iliyochanganywa na mayonizi, ipakiwe kwenye boksi la barafu, wageni waikute tayari. Nilijua haifai. Nikasema, "Sawa, bosi."

Upishi niliuanzia katika hoteli moja kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Siku ya kwanza Mpishi Mkuu alinikabidhi sufuria ya supu ya boga, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Huko juu ni baridi, na mgeni anataka kitu cha kumpasha moto. Nyumbani kwetu pia viazi vya asubuhi tulivila jioni bila wasiwasi. Sisi wa nyanda za juu tuna kiburi hicho: tunadhani baridi yetu inatufuata kila tuendako.

Nilipohamishiwa kambi ya Engaresero, karibu na Ziwa Natron, ambako hata upepo ni wa moto, aliyenifundisha upya ni msaidizi wangu Nashipai, mama wa pale pale kijijini. Alitundika matango na nyanya kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa, upepo ukavipoza. Hakukata kitu mpaka wageni wawe wamekaribia kuketi. Mboga zote aliziosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha tango, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu, mtindi uliopigwa na mnanaa, chapati nyembamba pembeni, na tikiti maji la kumalizia. Wageni walioshindwa kula nyama kwa sababu ya joto walimaliza sahani zile. Ninyi vijana mnaoambiwa kwamba chakula chepesi ni kazi nyepesi, mnadanganywa. Supu inayochemka huficha uzembe mwingi wa mpishi. Saladi haifichi hata mmoja.

Basi siku ile ya agizo la Meneja tuliteremka Mto wa Mbu, tukapita Engaruka, tukapasukiwa tairi mara mbili. Nilipofungua boksi kambini, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Nashipai akainama, akanusa.

"Baba, hiki chakula kimechoka kuliko wewe."

"Kilipakiwa na barafu."

"Iko wapi hiyo barafu? Niache nikate matango. Ni muda mfupi tu."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa hema la jiko. "Mama, wewe osha vyombo. Mpishi hapa ni nani?"

"Mpishi ni huyu," Nashipai akasema, akinitazama. "Nasubiri aseme."

Nikachukua upawa. Nikapakua. Kando ya saladi tukaweka bakuli la mtindi wake, kama kawaida.

Kulipokucha wageni wote sita walikuwa hoi kwa kutapika, na mmoja alipelekwa hospitali. Walipona. Dereva, ambaye alikula mtindi na chapati tu, alikuwa anaosha gari huku akipiga mluzi. Hata hivyo Meneja aliandika taarifa kwamba wageni wamedhuriwa na mtindi wa kienyeji, akaniletea karatasi.

"Weka sahihi, mzee. Au niandike ni viazi vyako?"

Viazi vyangu! Aliyeviagiza ni yeye. Mpaka leo maneno yale yananichemsha damu, hasa nikikumbuka kwamba baadaye alipandishwa cheo. Lakini nimesoma hadi kidato cha nne, na kila sentensi ya karatasi ile niliielewa. Nikaweka sahihi.

Nashipai aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Akaja kuniaga, wala hakupaza sauti. "Mtindi ule nawapa wanangu kila siku, baba. Unajua." Akaondoka.

Madereva nao walijua. Walianza kuja kambini na mikate yao, na nikiwapakulia wali walisema wameshiba. Wapishi wenzangu wakakataa kupangwa na mimi. Mwishowe nilirudishwa Karatu kutunza vyombo stoo, na huko ndiko nilikostaafia.

Nilikubali agizo nililojua ni baya, na mwanamke asiye na kosa akapoteza kazi. Mimi nilibaki na ajira, lakini tangu hapo hakuna mtu wa kazi yetu aliyekubali tena kula chakula nilichokipika.